Geji Upande wa Mama

Injini ya kwanza ya gari langu niliiua mwenyewe, tena kwa stika. Kwaya ya kanisa letu huko Kasikeu ilinizawadia stika nzuri iliyosema Mungu ndiye dereva, nami, mwalimu kijana mwenye gari lake la kwanza, nikaibandika kwenye dashibodi mahali ambapo kila abiria angeiona. Chini yake palikuwa na taa ndogo nyekundu ya oili. Siku yake ilipofika taa iliwaka vizuri kabisa, ila sikuiona. Injini ikakwama njiani kwenda Emali kwa mlio ambao hadi leo sipendi kuukumbuka.

Mama alipoonyeshwa ile taa aliigusa stika kwa kidole.

"Mungu alikuwa anakuonyesha," akasema, "wewe ukamfunika."

Kisha akauza maksai wake wawili ili ninunue injini nyingine. Hakuniuliza. Nilitoka shuleni jioni nikakuta zizi li wazi na nira imeegemezwa ukutani. Baba alikuwa amefariki zamani, na maksai wale ndio waliolima shamba letu lote. Tulikubaliana kwamba gari libebe akina mama wa soko na mizigo yao kila Jumamosi na siku zote za likizo, mpaka ng'ombe warudi. Injini ya pili ikifa, mama atabaki na jembe la mkono. Niliona aibu hata kula chakula chake.

Ndipo nikasikia kwamba kuna fundi Emali, nyuma ya stesheni ya reli, anayeweza kufunga geji ya kuonyesha nguvu ya oili. Mama akasema lazima twende pamoja, akaone mahali ng'ombe zake zimeingia.

Nimewaona mafundi wengi tangu siku ile, na bado namvulia kofia yule. Geji aliitoa kwenye trekta bovu, akaifuta kwa parafini mpaka kioo kikang'aa. Akafungua kidude kinachoiwasha ile taa, ubavuni mwa injini, akatia hapo kiungo chenye midomo miwili, ili taa ibaki na geji nayo ipate oili yake. Bomba la shaba, jembamba kama bua la ngano, alilizungusha mara mbili karibu na injini kabla ya kulipitisha ndani. Nilipouliza sababu alisema injini inatetemeka, na bomba lililonyooka litakatika. Tundu alilotoboa kwenye bati alilivisha mpira wa tyubu kuukuu, bati lisije likala shaba. Hakuna aliyekuwa akimsimamia. Angeweza kuruka hatua hizo zote nami nisingejua.

"Sasa mwalimu, hii geji tuweke wapi?"

Nikaonyesha karibu na usukani.

"Hapana," mama akasema. "Weka huku mbele yangu. Huyu akiendesha anaangalia watu."

"Lakini mama, dereva ndiye anaangalia geji."

"Dereva alikuwa na taa."

Fundi alicheka mpaka akaweka spana chini. Lakini aliifunga kushoto, mbele ya kiti cha abiria, akachora mstari wa rangi nyekundu kwenye kioo, maana mama hakuwa amesoma.

"Mama, namba wachana nayo. Gari ikitembea, mshale inakaa huku juu. Ikishuka hii rangi, mwambie azime. Usingoje."

Basi kuanzia hapo mama hakukosa safari hata moja. Akina mama wa soko walimtania kwamba amekuwa konda. Mimi nilidhani anapenda matembezi.

Likizo ya Agosti nilimwaga oili kuukuu mwenyewe, nikarudisha boliti inayoziba oili chini ya injini kwa vidole nikikusudia kuikaza baadaye kwa spana. Nikaitwa chai; niliporudi nikatia oili mpya, boliti nikaisahau. Kesho yake, tukiwa tumebeba maembe makavu na kuku wa watu, mama akasema, "Zima."

"Ni barabara mbaya, mwaitu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kikamba chetu. "Injini inalia vizuri."

Alinyoosha mkono akageuza ufunguo mwenyewe, gari likateleza kimya hadi pembeni. Chini palikuwa pakidondoka tone la mwisho. Tulifuata alama za oili vumbini, na ni yeye aliyeiona boliti, akaifuta kwa leso na kunipa. Niliikaza, na dereva wa lori aliyekuwa akipita akatugawia oili. Injini ilipowaka, ikanguruma kama kawaida, nililia mbele ya akina mama wote wale, na sikujali.

Ilichukua muda, lakini ng'ombe walirudi. Tuliwanunua mnadani Emali, maksai wawili wekundu. Nikamwambia mama apande gari, nitatafuta mtu wa kuwaswaga. Akanicheka, akashika kamba, akaanza safari kwa miguu akizungumza nao njia nzima.

Nami nikafuata nyuma polepole na gari tupu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kutoka kwenye usukani geji haionekani sawasawa. Ilinibidi niinamie kushoto kila mara. Mshale ulitikisika kwenye kila shimo. Kila ulipotikisika, moyo ulinilipuka. Kabla ya kufika nusu ya njia shingo ilikuwa inaniuma na viganja vimelowa jasho, nikasimamisha gari nipumzike. Mama alikuwa ameshatangulia mbali. Miezi yote ile alikuwa ameketi kwenye kiti kile na hofu hii, huku mimi nikipiga soga na abiria, na sikuwahi kumsikia akilalamika.