Chini ya Rangi ya Mapokezi

Ndoo moja ya maji ilininyima usingizi siku mbili. Jumapili nilikuwa nimeiosha pikipiki ya idara, kwa sababu tope la Kamsamba lilikuwa limegandamana hadi kwenye injini. Jumatatu asubuhi ikazima. Haikukohoa, haikupunguza nguvu. Nilikuwa karibu kuingia Tunduma. Taa, honi na moto wa plagi vikakatika kwa mara moja. Niliisukuma hadi ofisini huku wapakiaji wa malori wakinipigia makofi.

"Bibi shamba leo analima lami!"

Je, ni mimi niliyeiua? Kitandani nilijiuliza maji yaliingia wapi, na kama niliimwagia kwa mbali au kwa karibu, na kama ufunguo niliugeuza taratibu. Nyuma ya daftari niliandika sababu kumi na nne, kisha nikaongeza ya kumi na tano: kwamba labda sikustahili kupewa pikipiki. Nilikuwa na shahada ya kilimo na miezi minane kazini. Ilibaki minne nimalize kipindi cha majaribio.

Mkuu wa kituo hakuhitaji orodha yangu. Aliniwekea mezani fomu ya uharibifu wa mali ya umma, ameshaijaza kwa mkono wake. Chanzo: maji. Mhusika: mimi. Ilibaki saini tu.

"Nyie wasomi mnaosha pikipiki kama sufuria," alisema. "Mwanamume angeifuta kwa kitambaa. Ijumaa lori linaipeleka karakana Mbeya, na wewe utakaa pale masijala, upokee barua."

Nilijua maana yake. Pikipiki ya bwana mifugo ilizima hivyohivyo mwezi uliotangulia, ikapelekwa Mbeya, haikurudi. Yeye alisaini kwamba alikata nyaya kwa uzembe, na sasa alikuwa akifuata ng'ombe wa watu kwa miguu. Kwangu mimi, Kamsamba haiendeki kwa miguu. Bila pikipiki, wakulima wa mpunga kule wasingeniona tena, na kazi niliyoisomea ingekuwa kupiga mihuri.

"Naomba siku mbili, mzee. Nitafute chanzo."

"Chanzo si hiki hapa nimeandika?"

Nilitoka bila kusaini.

Karibu na mpaka kulikuwa na fundi umeme wa malori, mtu wa Tanga mwenye kofia ya kiua iliyodariziwa, ambaye madereva wote wa masafa marefu walimjua. Niliisukuma pikipiki hadi kwake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea pikipiki au maiti?"

Nilimweleza. Akaangalia namba ya serikali, akaingiza mikono yote miwili mifukoni.

"Hii mimi siigusi. Nikilegeza nati moja tu nitaambiwa nimehujumu taifa. Lakini kutazama si kosa. Shika wewe, mimi nitasema."

Basi nikashika. Nilitoa fyuzi, nikaielekeza juani: nzima. Akaniambia nichukue balbu ndogo yenye nyaya mbili aliyokuwa akipimia malori, niweke waya mmoja kila upande wa betri. Ikawaka vizuri.

"Betri yako haina ugonjwa," alisema. "Maji umeyasingizia."

Nilitaka kulia kwa furaha, kisha nikaanza kufikiri kwamba labda balbu yenyewe ndiyo mbovu kwa namna ya kuwaka. Alinikazia macho.

"Mwanangu, balbu ikiwaka imewaka. Sasa acha waya mmoja kwenye chanya, wa pili gusa chuma cha pikipiki. Umeme lazima urudi kwenye betri kupitia chuma."

Nikagusa. Giza.

"Gusa chuma."

"Nimegusa, mjomba."

"Umegusa rangi."

Nikatazama, nikaona kijani kitupu. Miezi miwili nyuma tulikuwa na wageni wakubwa, na kabla hawajafika mkuu wa kituo aliamuru pikipiki zote mbili zipakwe rangi iliyobaki kwenye milango ya ofisi, zionekane mpya. Vijana walifanya kazi kwa moyo: walifungua hata bolti inayoshika ule waya mnene utokao kwenye betri hadi kwenye chuma, wakapaka chini yake, wakasubiri ikauke, wakafunga juu ya rangi. Tulipigiwa makofi siku ile. Bolti ilikuwa imegusa chuma kidogo kwenye nyuzi zake za kukazia, na mitikisiko ya barabara za kwetu ikamaliza hicho kidogo.

Nilikuwa na kisu changu cha kukatia vikonyo vya miche ya kahawa. Nilikishika muda mrefu. Kama nitakwangua, nimefungua mali ya umma bila kibali. Kama nimekosea, fomu itakuwa na kosa la pili.

"Unaiombea?" fundi akauliza.

Nikafungua bolti, nikakwangua. Chuma kikatoka cheupe, nikafunga waya, nikageuza ufunguo. Taa ikawaka. Nikabonyeza honi, nikaibonyeza tena, hata mbuzi waliokuwa barabarani wakakimbia. Fundi alitoa mikono mifukoni kwa mara ya kwanza, akapiga makofi.

Nilirudi ofisini nimepanda. Mkuu wa kituo aliinama, akatazama pale nilipokwangua kwa muda, akanyooka.

"Hongera, binti. Sasa saini, tuseme maji yamekauka. Pikipiki utabaki nayo."

"Na ya bwana mifugo?"

"Yeye ameshasaini. Unataka kuandika nini? Kwamba mapokezi ya wageni yaliharibu mali? Kumbuka bado uko kwenye majaribio."

Nilikumbuka sana. Sijawahi kukumbuka kitu kama nilivyokumbuka ile miezi minne. Nilimwona bwana mifugo akisoma maneno ya mtu mwingine na kuyawekea jina lake, kwa sababu hakuwa na hakika. Mimi sikuwahi kuwa na hakika na jambo lolote maishani, lakini hili nilikuwa nimelikwangua kwa mkono wangu.

Nikaomba karatasi ya kaboni. Nikakata neno "maji", nikaandika juu yake: rangi, iliyopakwa chini ya waya wa betri kwa amri ya ofisi, pikipiki iliyoko karakana ikaguliwe mahali hapohapo. Nikasaini. Nakala nikaiacha mezani kwake.

"Hiyo nyingine nipe, nitaituma mimi," alisema, mkono ameshaunyoosha.

"Hapana, mzee."

Nikaitia mkobani, nikawasha pikipiki, nikaenda Vwawa kuikabidhi ile fomu wilayani mimi mwenyewe.