Aliyegawa Upinde na Ngao

Redio ilimtaja Jumatano iliyopita baada ya taarifa ya habari ya saa saba mchana, katika yale matangazo ya vifo ambayo siku hizi yanaipita habari yenyewe kwa urefu. Mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mume wa fulani, baba wa fulani na fulani, atazikwa Jumamosi nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Wote. Nilikuwa nakula muthokoi. Sikuweka kijiko chini. Mke wangu, anayejua kwamba mtu huyo alinifundisha, alinitazama akingoja niseme neno, nami nikamwambia chumvi imepungua. Kwa hiyo msomaji wangu, kama umefungua ukurasa huu ukitarajia machozi, leo umekosea mlango. Gazeti hili limekwisha kuchapisha barua mbili za wanafunzi wake wa zamani, zote zikimwita mlezi wa vipaji. Nimezisoma mara mbili mbili, na kila mara hasira imenipanda upya. Najua marehemu hasemwi vibaya. Lakini wako walio hai ambao yeye aliwasema vibaya maisha yao yote bila kufungua kinywa, na hao nao wana haki ya kusemewa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kufundisha alijua. Alitufundisha historia na jiografia katika shule ya bweni ya wavulana karibu na Migwani, miaka ya sabini, na kila Jumamosi alasiri, tukishamaliza kudeki mabweni, alitukusanya katika ukumbi wa chakula kucheza mchezo alioutunga mwenyewe. Aliuita Msafara. Alikuwa ameunganisha karatasi za manila kwa gundi ya unga, akachora njia yote waliyopita babu zetu wakipeleka pembe pwani: mito, vilima, na ile nyika kavu iliyomaliza watu. Shule ilikuwa ya kanisa, karata zilikuwa dhambi na dansi ilikuwa dhambi zaidi, lakini yeye alimshawishi mchungaji kwamba hilo ni somo la historia, na dadu tukaambiwa tuiite jiwe. Kila mchezaji alianza na punje kumi za mbaazi. Punje ndizo uhai wako. Zikiisha, umezikwa njiani na unakwenda kufua soksi zako.

Utamu wa mchezo ulikuwa katika kazi. Kila mmoja alibeba kazi mbili, moja ya mkono wa kulia na moja ya kushoto, na kulikuwa na upinde, ngao, uganga, upelelezi, ukalimani na mzigo. Tulibishana juu ya mseto bora hadi kwenye foleni ya uji. Upinde na upelelezi ulikuwa mseto wa mabwana: unamwona adui kwanza, unampiga kutoka mbali, na kila ukirusha jiwe likaonyesha sita, unaongeza punje moja mfukoni mwako kama nyara. Ngao na mzigo ulikuwa mseto wa punda. Mwenye ngao alisimama mbele ya mwenye upinde, na kila pigo la adui lilimwondolea yeye punje moja. Kanuni ilimruhusu kusema "napisha", na pigo hilo likampata aliye nyuma yake. Sikuwahi kuona mtu mwenye haya akilisema neno hilo.

Mwenzangu wa dawati alitoka Ikutha, baba yake akiwa mchonga vinyago vya kuuza kando ya barabara ya Mombasa. Ndiye aliyeuelewa mchezo ule kuliko sisi sote, pengine kuliko mwenye kuutunga. Alikuwa na daftari aliloandika humo kila safari, nani alikufa wapi na kwa nini, na kutokana na hesabu zake aligundua kwamba msafara haufi kwa kukosa mishale bali kwa kukosa maji. Akataka mseto ambao hakuna aliyewahi kuuomba: uganga na upelelezi. Mganga atangulie, alieleza, atafute maji na mizizi, arudi awatibu watu kabla hawajalegea. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akamwambia mganga hukaa nyuma. Kisha akamtazama mabega na kumpa ngao na mzigo. Mimi, niliyekuwa na mikono myembamba na baba katika kamati ya shule, nikapewa upinde na upelelezi. Tulicheka sote, hata yeye alicheka, na Jumamosi iliyofuata akasimama mbele yangu kunipokelea mapigo.

Mwenzangu huyo ndiye pia aliyetuchongea jiwe jipya, la zamani lilipopasuka. Alirudi kutoka likizo na dadu ya mpingo, nyeusi tii, imesuguliwa mpaka inang'aa, na upande mmoja ameuacha na ule weupe wa nje ya mti, jinsi wachongaji wa kwao wanavyoacha mstari mweupe kwenye kinyago ili kipendeze. Akatoboa nukta sita kwenye upande huo mweupe kwa msumari wa moto, maana hapo zilionekana vizuri. Wachongaji huchonga vitu vya kusimama, si vya kurushwa, na hakufikiri kwamba mti mweusi ni mzito na mweupe ni mwepesi. Mwalimu alilishika jiwe lile, akalipimapima kiganjani, akasema zuri hivi litarushwa na wenye upinde peke yao, kwa heshima ya upinde. Wengine wakaendelea kurusha dadu ya kibao aliyoikata seremala wa shule.

Mwisho wa kidato cha pili ndipo tulipogawanywa. Maabara yetu ilikuwa na stuli kumi na sita, basi waliosoma fizikia na kemia walikuwa kumi na sita. Waliobaki walikwenda sayansi ya jumla, ambayo hata walioifundisha hawakuiheshimu. Orodha aliitengeneza mwalimu huyu. Stuli kumi na tano zilijazwa na alama, na ya mwisho ikabaki kati yangu na mwenzangu wa Ikutha, kwa kuwa alama zetu zilikuwa sawa. Mimi niliitaka kwa sababu baba aliitaka. Mwenzangu aliitaka kwa sababu mama yake alitembea tangu alfajiri hadi saa nne kufuata maji, na alikuwa amesikia kwamba mtu akijua fizikia anaweza kuyavuta maji kutoka chini ya mwamba. Mwalimu akatangaza mbele ya wote kwamba tutamaliza jambo hilo kwa haki, mezani. Jumamosi ya mwisho, atakayefika pwani na punje nyingi kati yetu wawili, stuli ni yake.

Ifikirie haki hiyo, msomaji. Mwenye ngao apoteze punje kwa ajili ya mwenye upinde, kisha ahukumiwe kwa punje alizopoteza. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu kazi zilikuwa zimegawanywa zamani na tulikuwa tumezizoea. Siku hiyo hatukungoja alasiri, tulianza safari asubuhi baada ya uji. Jiwe jeusi lilinipa sita mara kwa mara hadi wavulana wakaanza kuhesabu kwa sauti, na mfuko wangu ukajaa mbaazi. Za mwenzangu zilipungua moja moja. Tulipofika kwenye nyika kavu alikuwa na tatu, mimi nina kumi na nne, na adui wakatokea.

"Unapisha?" mwalimu alimuuliza.

"Hapana, sir. Nikipisha upinde utaumia, na bila upinde hatuvuki."

Aliulizwa mara tatu na akajibu hivyo mara tatu. Punje yake ya mwisho ilipochukuliwa, alisimama, akanipa mkono wake mkubwa na kuniambia, kama rafiki kwa rafiki, "Umerusha vizuri, munyanya." Kisha akaenda kufua soksi zake, kama kanuni ilivyosema.

Nilikaa juu ya stuli ile miaka miwili. Fizikia niliyoipata nimeitumia kubadilisha balbu. Maisha yangu yote nimeandika magazetini. Mwenzangu aliishia kuwa fundi wa pampu huko huko kusini mwa Kitui. Kisima kikikwama, wahandisi hufika na gari na vyeti vyao, hukizunguka nusu siku, kisha humtuma mtu kumwita. Yeye huja na spana zake ndani ya gunia, maji hutoka, na wahandisi hutia sahihi. Katika karatasi zao yeye huandikwa kibarua. Nimewahi kuona karatasi moja kwa macho yangu, na nikaikunja upesi nikamrudishia aliyenionyesha.

Na usidhani mchezo ule uliishia ukumbini. Nenda kwenye mwethya wowote, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuchimba matuta, utawaona wenye upinde wamekaa kivulini na orodha ya majina, na wenye ngao, wengi wao akina mama, wamebeba mawe. Nenda kwenye harambee, nenda kwenye kamati za makanisa yetu. Mtu anatazamwa mabega, anatazamwa baba yake, anapewa kazi, na baadaye anaulizwa kwa nini hana punje. Akiomba abadilishiwe mseto anaambiwa kwa upole, tena kwa tabasamu, kwamba mganga hukaa nyuma. Ninalichukia tabasamu lile kuliko kiboko. Kiboko angalau ukikipokea unajua umepigwa.

Nilikutana na marehemu miaka mitatu iliyopita, Wote, katika hoteli moja mkabala na soko. Alikuwa amezeeka vizuri, koti safi, Biblia ndani ya mfuko wa ngozi. Akaninunulia chai na kusifu safu hii. Nikamwambia sikutaka sifa, nilitaka anijibu jambo moja: kama alijua kwamba dadu nyeusi ilikuwa imeelemea upande mmoja. Hakushtuka wala hakuuliza dadu gani. Alikoroga chai yake.

"Nilijua siku ile ile aliponipa," alisema. "Lakini hata bila jiwe ungekaa wewe. Orodha ilipigwa taipu Ijumaa. Baba yako alikuwa kamati, ningefanyaje? Ule mchezo ulikuwa kwa ajili ya yule kijana wa Ikutha, ili akubali bila kelele. Si alikubali?"

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia, makali, na ninaamini ningeyasema yote. Yeye akaniinulia kidole, pale pale kwenye kiti chake, kama tuko darasani.

"Kaa chini, kijana. Wiki moja kabla nilikuachia vifaa vya mchezo uvirudishe stoo. Nilikuona dirishani ukilirusha lile jiwe peke yako. Ukarusha, ukahesabu, ukarusha tena. Halafu ukaniletea mfuko, ukasema, 'Viko vyote, sir.'"

Nilikaa chini. Chai nilimaliza, kwa aibu nadhani, na nikamwacha alipe. Ndiyo sababu tangu siku hiyo nilipita Wote bila kushuka garini, na ndiyo sababu Jumatano nilipolisikia jina lake redioni kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu. Mtu pekee aliyejua alikuwa amekufa. Nililala vizuri usiku huo. Asubuhi nikaanza kuandika makala haya nikikusudia kuishia pale kwenye wahandisi na mwethya, nikimwachia marehemu dhambi yote aende nayo, maana yeye hawezi tena kunyoosha kidole.

Jumamosi sikwenda mazishini. Nilikaa na kalamu, na kadiri nilivyomlaani ndivyo nilivyoona nachonga jiwe jingine la kunipendelea mimi. Ni kweli alikuwa mtu mbaya, sifuti neno. Aligawa kazi kwa kutazama baba za watu, na akawafanya watoto wamshukuru. Lakini mgawaji wa namna hiyo hawezi kitu mpaka apate mtu wa kurusha jiwe, akaona sita zinakuja mno, na akanyamaza. Katika kila meza isiyo ya haki, anayeibiwa huwa wa mwisho kujua, na anayefaidika hujua mapema. Hilo ndilo somo alilonifundisha vizuri zaidi ya historia yote ya misafara, na nimelifaulu vibaya.

Kwa hiyo haya yaliyobaki si yako, msomaji, ni ya mtu mmoja Ikutha ambaye nasikia hupelekewa gazeti hili na mwenye duka, likiwa la juzi. Ndugu yangu, daftari lako lilikuwa na hesabu sahihi. Hukushindwa mezani. Nililirusha jiwe lako mara kumi na mbili peke yangu, na mara tisa likalala na weupe juu. Niliandika hesabu hiyo nyuma ya kitabu cha nyimbo, nikaichana karatasi, nikaitafuna. Halafu Jumamosi nikasimama nyuma yako, ukaulizwa mara tatu kama utapisha. Stuli ile ilikuwa yako. Aliyepaswa kupisha ni mimi.