Visanduku vya Kijivu

Katika kiwanda chetu cha uchapaji kuna mwanamke tunayemwita Kijivu, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Yeye hupanga kurasa za vitabu vya kompyuta. Mistari ya programu huitia ndani ya kisanduku chenye rangi, ili msomaji ajue kuwa hapa si pa kusoma tu, ni pa kuandika kwenye mashine. Rangi yenyewe ni kijivu, tena si kijivu chochote. Mwambie kimekolea uone.

Mwaka huu alipewa kitabu cha dada yake, mwalimu wa kompyuta. Ndicho kitabu chake cha kwanza, wanafunzi wanakisubiri, na mwalimu alishasema hakuna wa kukihakiki ila yeye mwenyewe.

Kurasa za majaribio zikarudi kutoka kwake zimejaa wino mwekundu. Koma, nukta, hata nafasi. Ndani ya visanduku, hakuna hata alama moja.

"Hapo dada kanyoosha mikono," Kijivu akatamba.

Majivuno yake yalinikera, nikaanza kuchokonoa. Sikuhangaika sana. Kisanduku kimoja kilifika mwisho wa ukurasa kikagoma kuendelea ukurasa wa pili, na mstari wa mwisho ukamezwa. Bila mstari huo programu haifanyi kazi.

"Dada huyuhuyu anayeona koma?" Kijivu akauliza. Furaha ilikwishamtoka.

Mwalimu alipokuja, Kijivu akampa ukurasa ule. "Dada, hebu nisomee mstari wa mwisho humu kwenye kisanduku."

Mwalimu akausogeza karibu na uso, akausoma mstari wote bila kukwama. Mstari ambao haukuwapo.

Kijivu akauchukua ukurasa taratibu. "Kijivu hiki kinakula maandishi. Nakitoa chote. Tutazungushia mstari mweusi, ndani pawe peupe."

"Wewe, utoe kijivu?" Mwalimu alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Umejua tangu lini?"

"Sasa hivi."

"Kwenye peupe bado naona. Kwenye rangi siambulii kitu. Nikisema, darasa langu atapewa mwingine. Nilitaka kitabu kitoke kwanza."

"Kitatoka. Na kesho tunakwenda kwa daktari wa macho, mimi na wewe."

Mwalimu hakubisha. Kijivu akavuta kiti, akaanza kumsomea programu mstari kwa mstari, naye akisahihisha kwa kusikia. Mimi nikajifanya nina kazi. Kusema kweli nilimwonea mwalimu wivu. Nikipofuka leo, wa kunisomea simjui.