Samaki Asiye na Kichwa

Kaka yangu aliporudi Malindi kutoka masomoni ng'ambo, miaka ile ya themanini, tulitarajia viatu na redio. Yeye alikuja na kompyuta ndogo, akaiunganisha na televisheni ya baba, na taarifa ya habari tukaisahau. Alisema anaifundisha kutambua samaki anayelika. Mimi na udadisi wangu nikahamia karibu na kiti chake.

Hakuiandikia sheria, aliipa mifano. Asubuhi tulikwenda soko la samaki, yeye akiandika, mimi nikibonyeza na kunusa: ana magamba au hana, macho yamezama au la, nyama ngumu au laini. Jioni aliiambia mashine yupi mzuri, yupi ameoza. Baada ya muda ikaanza kujibu yenyewe, tena sawasawa. Nilijivuna utadhani nimeizaa mimi.

Nyumbani tulikuwa na mpangaji, muuguzi kutoka bara, na mtoto wake mdogo. Alasiri moja alirudi na samaki aliyepewa ufuoni, keshachunwa ngozi na kukatwa kichwa. Nusu kwa mzaha, akataka mashine imtazamie. Kaka akaandika: hana magamba, hanuki, nyama ngumu. Televisheni ikajibu: ANALIKA. Mpangaji akacheka, akaomba sufuria.

Mama akatoka jikoni, akamgeuzageuza yule samaki.

"Mwanangu, mimi huyu simjui."

"Lakini mama, mashine yasema ni mzuri," mpangaji akasema.

Hapo likanijia swali. "Kaka, hii tumewahi kuionyesha bunju?"

Kaka akatikisa kichwa. Bunju ana sumu ya kuua, na wavuvi wetu humtupa huko huko ufuoni, sokoni hafiki. Nasi mifano yote tuliitoa sokoni. Nikaingiwa na hofu, kwa kuwa mtoto alikuwa keshashika sahani yake.

"Kwani huyu ni bunju?" mpangaji akauliza.

"Bila kichwa wala ngozi, nitajuaje? Nimekwambia simjui," mama akasema, akaenda kumfukia nyuma ya nyumba, kina kirefu, paka wasimfukue. Mpangaji alinuna, na haki yake, chakula kimefukiwa akikitazama. Mama akampakulia samaki wetu, changu wa nazi, sisi tukala wali na mchuzi mtupu.

Kesho yake kaka hakwenda sokoni. Alishinda akiifundisha mashine jibu la tatu: SIJUI. Lilimtoa jasho kuliko yote. Mara ikawa yajibu SIJUI kwa kila samaki, hata changu, tukamcheka mpaka akazima. Nikamwuliza, mashine itatambuaje kwamba haijui? Akasema hata yeye angependa kuambiwa.

Yule mtoto leo ana watoto wake, na akipita Malindi huja kutuamkia. Samaki yule, mpaka leo, sijui alikuwa samaki gani.