Chuo cha Mwendo wa Siku Moja

Nilitaka udaktari, na udaktari ulikuwa Dar es Salaam. Alama nilikuwa nazo. Mama akasema thubutu, utasoma Mbeya.

Watu wanadhani mwanafunzi anachagua chuo kwa sifa zake. Sisi tulichagua kwa barabara. Masika yaliyotangulia, kijana wa jirani yetu hapa Chanji alifariki akiwa chuoni Dar. Lori lililomleta likakwama kwenye tope la Laela, likalala huko, likalala tena. Lilipofika, wazee wakakataza jeneza lisifunguliwe. Kwetu marehemu haendi kaburini kabla mtu wa damu yake hajamfuta uso. Mama wa yule kijana aligonga ubao kwa viganja: "Nifungulieni jamani, nitajuaje kama ni yeye?" Mama yangu ndiye aliyemshika kiuno.

Basi kila nikitaja Dar, anarudi palepale.

"Mbeya ukifa asubuhi, jioni nakuona."

"Mama, naenda kusoma, siendi kufa!"

"Na mwenzio alienda kufa?"

Nilinuna, tena nilimchukia, sifichi. Vyuo binafsi vilikuwa vinachipuka kila mahali, redio inavitangaza kama sabuni, na Mbeya kilifunguliwa kimoja. Kilifundisha biashara. Nikaenda kusoma biashara, mimi niliyejua mifupa ya mwili wote kwa majina.

Masika ya mwaka wa pili kaka akanipigia simu, mama amezidiwa. Nikapanda basi alfajiri. Tunduma tulipita salama. Laela tukakuta malori yamezama hadi ekseli, mbele hakupitiki, nyuma hakurudiki. Tukalala humo. Kulipokucha kaka akapiga tena, analia. Mama ametutoka. Tukalala tena, na mvua haijali.

"Uko wapi?" kaka akauliza asubuhi. "Wazee wanasema barabara hiyo haina ahadi, wanazika leo."

Nikavua viatu, nikashuka, nikatembea kwenye tope huku nikiitukana barabara ile kwa sauti, hadi nikapata pikipiki.

Nilipofika Chanji watu walikuwa wametoka makaburini, wananawa mikono. Jirani yetu, yule aliyenyimwa kumwona mwanawe, akanipokea begi. Sikumwamkia hata shikamoo.

"Nimemfuta uso kwa niaba yako, mwanangu," akasema. "Kaka yako alishindwa, akanikabidhi kitambaa."

Nikamuuliza mama alikuwaje.

"Alikuwa yeye," akasema. "Nimemwona vizuri, alikuwa yeye."