Mume Wangu Alizingoja Shandeli

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitapenda kuona meno ya mtu. Haya hayakumpata jirani wa shangazi wa rafiki yangu. Yalinipata mimi, hapa Kasongo, kwenye uwanja wa nyumba yangu, siku ya Ijumaa, jua likiwa utosini. Watu hudhani wafu huja usiku tu. Hata mimi nilidhani hivyo.

Mume wangu aliitwa Ramazani. Alikuwa na gari dogo, kuukuu, tumbo lake karibu na ardhi kiasi kwamba kuku akitaka kupita chini yake lazima ainame. Alilitumia kubeba wagonjwa, maharusi, na wachuuzi waliotoka Nyangwe na samaki wao. Vidanje, yaani kumwaga mafuta machafu ya injini na kutia mapya, aliifanya mwenyewe nyumbani. Na alikuwa mwoga, niamini. Nilikuwa namtania kwamba anaogopa gari kuliko anavyoniogopa mimi.

Kwanza alitafuta mahali pa tambarare. Akavuta breki ya mkono, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Chini ya kriki, ile jeki ya kunyanyulia, aliweka ubao mgumu ili isizame katika udongo wetu mwekundu. Gari likishapanda, bado hakuingia. Alisogeza shandeli zake mbili, miguu ya chuma aliyochomelewa na fundi kutokana na ekseli ya lori bovu, akalishusha gari mpaka likakaa juu yake. Halafu alilisukuma kwa bega, huku na huku, kama mtu anayemwamsha mlevi. "Kriki iko ya kunyanyulia," alikuwa akisema, "haiko ya kulalia chini yake." Lisipotikisika, ndipo alipolaza mgongo na kujivuta ndani.

Sasa utaniuliza, mtu wa namna hiyo gari lake lilimuuaje?

Aliuawa na adabu. Kaka yangu mkubwa, Saidi, ambaye namwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu huku, alikuja kuazima zile shandeli. Alisema atazirudisha kesho yake. Kwetu, mwanaume hamnyimi shemeji yake kitu, na akishampa hamdai. Bukwe, yaani ukoo wa mke, ni watu wa kuinamishiwa kichwa. Kesho ikapita, na mwezi ukapita. Nikamwambia Ramazani, "Wacha niende mimi, ni ndugu yangu wa tumbo moja." Akakasirika, yeye ambaye hasira hakuzijua.

"Mama Zaina, utanipaka haya. Watasema nimetuma muke anidaie vyuma kwa bukwe. Yaya atarudisha mwenyewe."

Mafuta yalikuwa yameshakuwa meusi kama lami, na gari lilikuwa limeahidiwa kubeba bibi harusi. Ramazani akapanga matofali. Tofali la kuchoma la hapa kwetu, ukilitazama utaapa ni jiwe. Lakini chuma kikilemewa hupinda, mtu akaona akakimbia. Tofali halipindi. Linapasuka mara moja. Na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, udongo ukalainika. Nilikuwa napepeta mchele niliposikia kishindo, halafu sikusikia kitu kingine. Majirani walilinyanyua gari kwa mikono yao. Hapo sitaki kusema zaidi.

Nikaingia eda. Mjane wa Kiislamu unajua anavyokaa: hatoki, hajipambi, haonani na mwanaume wa kando. Mama mkwe alihamia kwangu, tukawa tunalia kwa zamu, huyu akinyamaza yule anaanza. Nguo za marehemu tuligawa sadaka. Kandambili zake za bluu, zenye ukanda alioushona kwa waya, nilizitoa kwa mkono wangu mwenyewe, nikampa mzee mmoja aliyekuwa akirudi Lusangi. Kumbuka hilo. Gari lilibaki uwanjani, limekaa juu ya magurudumu yake, hakuna aliyethubutu kuligusa.

Ijumaa hiyo mama mkwe alikwenda sokoni pamoja na binti yetu Zaina. Wanaume wote wa mtaa walikuwa msikitini. Wewe unaujua mtaa wa Waislamu saa ya swala ya Ijumaa? Hata mbuzi wanasikika wakitafuna. Nilikuwa nyuma ya pazia nikasikia chuma kinagonga chuma. Ko, ko, ko. Nikafikiri mwizi. Nikafunua pazia kidogo.

Miguu miwili ilikuwa imetokeza chini ya gari, kuanzia magoti. Kwenye nyayo kulikuwa na kandambili za bluu, ukanda umeshonwa kwa waya.

Gari lilikuwa bado limekaa chini, nakuapia. Hapakuwa na kriki wala tofali. Mtu mzima hakuwa na pa kupita.

"Mama Zaina," ikasema sauti, "nipatie kle ya kumi na saba."

Ilikuwa sauti yake, na kile kikohozi chake kidogo nyuma yake. Wewe ungekimbia? Labda. Mimi nilikuwa nimeililia sauti hiyo mpaka macho yakavimba, ningeikimbiaje? Nikachukua hiyo kle, yaani spana, kutoka kwenye sanduku lake kama nilivyozoea, nikachuchumaa, nikainyoosha. Mkono ukatoka, ukaipokea. Vidole vyake vilikuwa na joto. Nikafurahi, jamani. Sitaki kudanganya, nilifurahi kama siku ya harusi yangu.

"Baba Zaina, toka," nikasema. "Toka nje nikuone."

"Siwezi. Iko inanilemea hapa kifuani." Akapumua kwa shida. "Zile shandeli zilirudi?"

"Hazijarudi."

"Basi nitangoja."

"Ninaenda kuzichukua sasa hivi."

"Hapana, muke wangu. Usiende kuaibisha bukwe. Yaya atarudisha mwenyewe."

Moyo wangu ulipasuka. Huyu mtu amekufa, amezikwa, ameombewa dua, na bado amelala chini ya gari kwa sababu hataki kumdai kaka yangu vyuma viwili! Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Niliushika mguu wake, nikamwambia kwamba nampenda, neno ambalo sisi watu wa huku hatuambiani hovyo. Alisema tu, "Iko inanilemea, Mama Zaina."

Hapo nikasimama. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nikamkatalia.

Nilitoka na nguo zangu za eda, kichwa wazi, nikakimbia barabarani mchana kweupe. Nyumbani kwa Saidi nikamkuta amekaa mlangoni. Tangu maziko hakuwa anakwenda msikitini, na sababu niliiona mara tu nilipoingia uani. Zile shandeli zilikuwa pale, zimewekewa ubao juu, na juu ya ubao limekaa pipa la maji ya mvua. Hata chini ya gari hazikuwepo. Mume wangu alikuwa amekufa kwa kuwa pipa la kaka yangu lilihitaji miguu.

Nililisukuma pipa kwa nguvu zangu zote. Maji yakajaa ua mzima.

"Dada!" akasema Saidi. "Uko mu eda!"

"Ramazani iko anazingojea," nikamwambia. "Iko chini ya gari, anazingojea, na amenikataza kuja kukuomba."

Nilidhani ataniita mwendawazimu. Lakini aliliinamia lile pipa lililoanguka. Akasema polepole, "Kila siku nilisema nitazirudisha kesho. Alipokufa, nikaogopa kuzitoa, watu wangeziona." Akachukua moja, nikachukua nyingine. Watu walikuwa wanatoka msikitini. Walituona tunapita, mjane na kaka yake, kila mmoja na mguu wa chuma begani, tunalia kama watoto. Hakuna aliyetusalimu.

Tulipofika uwanjani kwangu, miguu haikuwepo tena. Chini ya gari kulikuwa na beseni, limejaa mafuta meusi ya injini, na kando yake ile spana. Nikatia kidole. Mafuta yalikuwa ya moto, namna yanavyokuwa injini ikipashwa kabla ya vidanje. Injini ile haikuwashwa tangu siku ya msiba, na ufunguo wake ulikuwa umefungwa katika kitambaa cha mama mkwe.

Saidi alifanya yote. Mawe nyuma ya magurudumu, ubao chini ya kriki, gari likapanda. Shandeli niliziweka mwenyewe. Nikalisukuma gari kwa bega, halikutikisika.

"Baba Zaina," nikaita, "zimerudi. Toka."

Nikaita tena. Halafu nikaingia mimi. Nikalala pale alipolala, nikatazama alichokitazama mwisho, chuma na kutu na tone moja la mafuta linalotaka kudondoka. Kifua changu kilikuwa chepesi, hakuna kilichonilemea. Ndipo nilipojua kwamba ameshakwenda, na kwamba ni mimi niliyemfungulia. Nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku ya maziko.

Kilichonitoa ni mayowe. Mama mkwe alikuwa amerudi kutoka sokoni, akaona miguu ya mtu chini ya gari lile. Alinivuta kwa nyayo, akanishika uso, akanipapasa kama anayetafuta mfupa uliovunjika. Nilipomweleza, hakubisha hata kidogo. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Alinitaja?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia alisema, mama asilie sana. Mungu atanisamehe.

Saidi alihamia Salamabila kuchimba dhahabu, na hajarudi. Watu wa mtaa bado wananong'ona kwamba nilivunja eda, wengine wanasema ni jini. Waseme. Mimi Ijumaa saa ya swala nakaa uwanjani, nasikiliza, na hakuna kinachogonga. Nitakuambia jambo ambalo hata mama mkwe halijui. Kuna Ijumaa nilizitoa zile shandeli, nikazibeba mpaka njiani. Nilitaka kuzirudisha uani kwa Saidi, chini ya pipa, ili mume wangu arudi kungoja, nimpe spana yake, nimsikie akikohoa. Nilifika kwenye kona, nikakumbuka alivyokuwa akipumua, nikageuka.

Kwa hiyo nisikilize. Gari likiwa juu ya kriki peke yake, au juu ya matofali, usiingie chini yake, hata kama ni kukaza nati moja tu, hata kama bibi harusi amevaa anangoja mlangoni. Na kama nyumbani kwako kuna kitu cha mtu ambaye adabu inamfunga mdomo asikudai, mpelekee leo. Usiseme kesho. Yeye atakutabasamia na kusema hakuna haraka, kisha ataenda kuifanya kazi yake bila hicho kitu.