Mpira wa Baba Mtaroni

Juzi, kwenye kibanda cha kuchaji simu huku mtaani kwetu Manika, vijana walikuwa wakitazama kriketi. Mchezaji mmoja chipukizi wa timu ya taifa ya mbali, yule anayevaa glavu na kudaka nyuma ya vijiti vitatu, alikuwa kwenye zamu yake ya kupiga. Akapiga mpira ukavuka uwanja. Akabaki palepale akitafuna chingamu, wengine wakaenda kuutafuta. Nikatoka kibandani.

Baba yangu naye alidaka nyuma ya vijiti, kila Jumapili kule mtaa wa Dilala, pamoja na wakubwa wake wa kazi kiwandani. Alikuwa dereva wao. Glavu zake za ngozi zilinuka asidi na jasho. Kwa akili yangu ya kitoto, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, maana wote walimrushia mpira.

Alasiri moja wakampa gongo la kupigia mpira. Akapiga, tuu! Mpira ukaruka ukuta, ukaangukia mtaro wa maji ya kijani yaliyotoka kiwandani. Wakacheka.

"Shofere, we njo ulipiga, enda ukamate!" mmoja wao alisema, eti aliyepiga ndiye aufuate.

Baba akaingia hadi magotini. Nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Nilidhani ni heshima ya mshindi.

Njiani kurudi nyumbani suruali yake ilinuka mayai yaliyooza.

"Tata, njo vile banachezaka?" nikamuuliza baba, kama ndivyo wanavyocheza.

"Ee, mwana yangu. Njo vile."

Mama aliifua mara tatu, mwishowe akaichoma. Uvundo ule leo nausikia kwenye viganja vyangu, vilevile vilivyopiga makofi.